Mfuniko

Nilikuwa na neno moja tu la kujitetea,
nililirithi kwa baba, naye kwa babake:
ajali haina kinga.
Asubuhi ile nililivaa pamoja na kanzu,
nikapanda nalo ngazi za mahakama ya Mombasa
nikiamini litanitosha.

Hakimu alikuwa binti wa makamo ya mwanangu, sauti ya chini.
Hakuniuliza kama mimi ni mtu mwema.
(Mashahidi wa wema wangu walijaa nje:
imamu, muuza maji, wapangaji wawili nisiowadai kodi.)
Aliniuliza, "Kichochoro hicho, nani hukipita?"
Nikasema, kila mtu. Watoto wa chuo,
mama wa mbaazi, mlevi wa nyumba ya tatu, paka.
"Ulilijua hilo kabla ya Alhamisi?"
Nililijua.

Neno fupi. Nalo ndilo lililonimaliza.

Kwani Alhamisi niliinua mfuniko wa karo
nikingojea lori la kunyonya maji taka.
Lori halikuja. Dereva kasema kesho, inshallah.
Zege lile zito, na mgongo wangu si wa jana;
nikatandaza boksi la friji juu ya shimo,
nikaweka tofali moja pembeni,
nikaenda kula.

Boksi!
Halikufunika shimo, lilificha.
Shimo wazi lingempigia kelele mpita njia;
langu nililiziba mdomo.

Saa kumi na moja alfajiri, Nyevu Kahindi,
sufuria kichwani, kikapu cha mahamri mkononi.
Nilisikia kishindo nikadhani ni nazi.
Mguu wa kulia, pawili.
Mbaazi ziliganda ukutani siku tatu,
na hakuna aliyezifuta, hata mimi.

Wakili wangu alisimama, akavuta koti:
simu ya mama huyu ina tochi, Mheshimiwa,
na tochi ilikuwa imezimwa.
Kalamu ya hakimu ikaenda polepole.
Mwenye macho, akasema, anadaiwa na macho yake,
ila mizigo hii hailingani:
ishirini kwa mia juu yake,
themanini juu yako.

Nikasema, wallahi sikukusudia.
Akasema, ungekusudia ungekuwa kizimbani.
Hapa hatupimi nia.
Hapa tunamwita mtu wa kawaida,
si malaika, si mhandisi,
mtu wa Sparki mwenye akili zake timamu,
tunamuuliza: wewe ungeacha boksi?

Nikageuka kumtazama. Hakuwepo.
Hana jina huyo, hana mgongo unaouma,
hajawahi kungojea lori mpaka chakula kikapoa.
Lakini tangu siku ile tunaishi naye.
Huniamsha usiku nikaguse nyaya za ngazini,
hunisimamisha njiani kwa ganda la ndizi.
Ndiye aliyenipeleka kwa fundi Chengo,
hatua arobaini kutoka mlangoni pangu,
nikaulizia bei ya ubao mpana.
Shilingi mia saba.
Basi hiyo ndiyo kinga. Ilikuwepo,
imeegemea ukuta, ina vumbi.

Nimelipa kwa mafungu, miezi kumi na minne:
hospitali, siku asizouza,
na maumivu, ambayo nayo yana bei,
ingawa sikumwona aliyeyaweka kwenye mizani.

Siku niliyomaliza nilikwenda kibarazani kwake,
nikanunua mbaazi za hamsini kama mgeni.
Akapima ukingo kwa ukingo,
hakupunguza, hakuongeza.
Nikasema, Nyevu, nimemaliza.
Akanirudishia chenji.
"Themanini yako umemaliza," akasema.
"Ile ishirini yangu bado nailipa,
kila nikipanda ngazi."